Hatari ya Nani? Sinema ya Howard Hawks na Bustani ya Furaha Chini ya Mlima Meru

Kila ajuaye kusoma Kiswahili amepata kuliona neno hatari limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya kipande cha bati, limepigiliwa katika nguzo ya umeme, na chini yake pamechorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana. Neno hilo likikaa hapo halitaki sentensi wala maelezo. Mwenye kulisoma hurudi nyuma, na mtoto asiyejua kusoma huvutwa mkono na mkubwa wake. Mwaka 1962 neno lilo hilo, pamoja na alama yake ya mshangao, lilitundikwa juu ya milango ya majumba ya sinema ya Marekani na Ulaya. Wala watu hawakurudi nyuma, bali walilipa kiingilio wakaingia. Tofauti hiyo baina ya bati la nguzo na bango la sinema yastahili kuchunguzwa, kwa kuwa ndani yake mna habari ya mahali palipo chini ya Mlima Meru, ambapo kwa zaidi ya miaka sitini pamekuwa pa kuwafurahisha watu wa mbali na wa karibu. Mna pia habari ya lugha iliyoalikwa karamuni, ikawekwa mezani kama ua, isipewe nafasi ya kusema.

Sinema yenyewe, Hatari!, iliongozwa na Howard Hawks na kutolewa na kampuni ya Paramount. Leigh Brackett ndiye aliyeandika maneno ya mchezo, na Henry Mancini ndiye aliyetunga muziki. Picha za nje zilipigwa Tanganyika, Arusha na Momella na kwingineko katika kaskazini ya nchi, kati ya mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa mwaka 1961. Wachezaji walitoka pande nyingi: John Wayne na Red Buttons Marekani, Elsa Martinelli Italia, Hardy Krüger Ujerumani, Gérard Blain na Michèle Girardon Ufaransa. Hadithi yake ni fupi kuliko urefu wake, ambao wapita saa mbili na nusu. Kikundi cha wageni wakaao Momella huwakamata wanyama wa mwitu wakiwa hai na kuwauza katika bustani za wanyama za nchi za nje. Mmoja wao ajeruhiwa na kifaru. Msichana mpiga picha afika. Watoto watatu wa tembo walelewa kwa maziwa. Mapenzi yachipuka kwa shida. Na mwisho kifaru akamatwa, na wale watoto wa tembo wamkimbilia mama yao mlezi katika barabara za mji wa Arusha hata ndani ya hoteli. Basi, hakuna zaidi.

Wahakiki wengi wameilaumu sinema hii kwa kukosa msuko. Lawama hiyo ni ya kweli, lakini haifiki mbali, kwa sababu yaipima kwa kipimo kisicho chake. Mtu aliyewahi kuviona viwanja vya Mnazi Mmoja, Unguja, siku ya Sikukuu, ataufahamu upesi mpango wake. Mtoto mwenye senti mfukoni hatafuti hadithi yenye mwanzo na mwisho. Hushuka katika pembea moja akaikimbilia nyingine; hununua kitu cha kula; husimama kutazama kichekesho; kisha hurudi katika pembea ya kwanza kwa kuwa ndiyo iliyomtia hofu tamu. Hatari! imejengwa hivyo hivyo. Mbio za kifaru ni pembea ya kwanza. Za twiga ni ya pili. Mtego wa nyani, unaorushwa kwa fataki ukafunika mti mzima, ni kichekesho cha katikati. Kati ya pembea na pembea watu hurudi nyumbani, hunywa, hupiga kinanda, hutaniana. Mwisho wao humrudia kifaru, naye ndiye pembea kubwa kuliko zote. Hivyo sinema hii si hadithi iliyoharibika, bali ni uwanja wa starehe uliopangwa kwa ustadi, na ustadi huo hauwezi kukanwa. Wachezaji wenyewe walipanda magari na kuwafukuza wanyama, na mtazamaji aona kwa macho kwamba vumbi ni vumbi na pembe ni pembe. Ndiyo sababu watu waitazama mpaka leo, ilhali sinema nyingi za miaka ile zilizoonyesha Afrika iliyotengenezwa kwa mbao na rangi zimesahauliwa.

Ikiwa ndivyo, basi hoja ya haki ya kuuliza si kwamba sinema ina hadithi au haina. Hoja ni juu ya lango la uwanja huo, maana langoni pameandikwa neno la Kiswahili, na hakuna aliyemlazimisha mwenye uwanja kuliandika.

Neno hatari lilitujia kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu cha kale halikuwa na maana ya balaa peke yake. Lilitumika pia kwa dau, yaani kile kitu kiwekwacho chini na washindanao, ambacho mmoja atakitwaa na mwingine atakikosa. Kiswahili kimeacha maana ya dau katika jina, lakini kimeihifadhi katika kitenzi: asemaye kwamba fulani amehatarisha maisha yake asema kwamba ameyaweka maisha yake mahali ambapo yaweza kuchukuliwa. Tena tazama jinsi jina hilo linavyotumika katika usemi wa kawaida. Husemwa hatari ya moto, hatari ya njaa, hatari kwa mtoto, hatari kwa wapitao njia. Jina lataka kufuatwa na kitu, ama kile kiletacho hatari, ama yule imfikaye. Hata lile bati la nguzo ya umeme, lisiloandikwa neno jingine, lina ukamilisho wake: nguzo ndiyo iletayo, na msomaji ndiye imfikaye. Hatari isiyo na mwenyewe ni nusu ya neno.

Katika sinema ya Hawks neno hili limeachwa nusu. Limekatwa mbele na nyuma likawekewa alama ya mshangao, kwa kuwa masikio ya mbali yaliisikia sauti yake kama mdundo wa ngoma na si kama onyo. Ni kweli kwamba ndani ya mchezo hatari ipo, kwani kifaru humpiga mtu pembe na gari hupinduka. Lakini hatari hiyo ni ya wale waliokuja kwa hiari yao na ambao, wakichoka, watapanda ndege. Dau lao ni dau la mchezo. Wenyeji wa nchi waonekana wakishika kamba, wakiendesha gari, wakipika, wakipita barabarani. Wala hakuna mmoja wao aliyepewa nafasi kubwa, wala hakuna amwambiaye mwenziwe jambo la maana kwa Kiswahili ili mtazamaji alazimike kungoja tafsiri. Watu ambao neno la langoni ni neno lao ndio walio kimya ndani ya uwanja.

Mahali pamoja tu katika sinema hii Kiswahili chakaribia kuwa lugha. Yule msichana mpiga picha, kwa jinsi anavyowanyonyesha wale watoto watatu, hupewa na wenyeji jina la Mama Tembo. Jina hili ni sahihi na lina uhai. Limefuata desturi ya kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake, desturi ambayo ni ya heshima wala si ya mzaha. Na likimkubali mgeni, lamkubali kwa kazi aliyoifanya wala si kwa sura yake. Tena lina utani uliojificha, kwa kuwa tembo ni mnyama na tembo ni kileo, na msikilizaji wa pwani ambaye humwita mnyama huyo ndovu angeweza kutabasamu kwa sababu isiyojulikana na mwenye sinema. Laiti mchezo wote ungeandikwa kwa akili iliyotunga jina hilo, hukumu ingekuwa nyingine. Lakini jina lilipokwisha kutolewa liligeuzwa mara kuwa kichekesho, na waliolitoa wakaondoka katika picha wasirudi.

Yafaa sasa kuangalia mahali penyewe, maana bila kupajua mahali haijulikani kilichoachwa nje ya picha. Mlima Meru wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500 umesimama juu ya mji wa Arusha, na ubavu wake wa mashariki umebomoka tangu kale ukaacha shimo kubwa lililo wazi. Upande huo wa mashariki ndipo yalipo maziwa ya Momella, yenye maji ya magadi na ndege wa heroe, na kusini yao liko bonde la mviringo liitwalo Ngurdoto, ambalo zamani lilikuwa kinywa cha volkano. Mwaka 1960 serikali ya Kiingereza iliitenga Ngurdoto iwe hifadhi ya taifa, na mwaka 1967 mlima wenyewe ukaongezwa humo na jina likabadilishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Hivyo hifadhi na sinema ni kama mapacha, kwani zote mbili zilianza katika mwaka mmoja na katika ardhi moja. Na miaka ile haikuwa miaka mitupu. Septemba 1961 ulifanyika mjini Arusha mkutano juu ya kuhifadhi viumbe vya Afrika, na humo Julius Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alitoa tamko lililokuja kuitwa Tamko la Arusha, akiahidi kwamba nchi mpya itawatunza wanyama kwa ajili ya wajukuu na akiomba wataalamu na fedha za dunia zisaidie. Desemba 9 ya mwaka huohuo Tanganyika ilipata Uhuru. Kwa hiyo sinema ilipigwa nchi ikiwa bado ya mkoloni, nayo ilionyeshwa nchi ikiwa na bendera yake. Walakini asiyejua hayo aweza kuitazama mara kumi asijue kwamba kulikuwa na jambo lolote lililokuwa likitokea Tanganyika isipokuwa kukamatwa kwa vifaru.

Lakini liko jambo la miaka tisa kabla ya hapo, na hilo ndilo lenye uzito. Jirani na Momella, kaskazini-mashariki ya mlima, ni Ngare Nanyuki, jina la Kimasai lenye maana ya maji mekundu. Novemba 1951 serikali iliwaondoa humo Wameru wapatao elfu tatu ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wakapelekwa Kingori, mahali ambapo hawakupataka. Wameru hawakushika silaha. Walichanga fedha, wakamtafuta mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 mjumbe wao Kirilo Japhet alifika New York akaisema habari yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa mara ile. Walakini nchi nzima ilisikia, na mambo yaliyofuata katika siasa ya Tanganyika hayawezi kuelezwa sawasawa kwa kuiacha kesi ya Wameru.

Sasa na liulizwe lile swali la sarufi. Hatari ya nani? Katika ardhi ya Meru ya miaka ile neno hatari lilikuwa na mwenyewe, tena lilikuwa na dau lake, nalo lilikuwa shamba, zizi na kaburi la babu. Miaka kumi haijapita tangu moto wa Ngare Nanyuki, wakaja watu wenye kamera kutafuta hatari umbali mfupi kutoka hapo, wakaiona katika pembe ya mnyama. Haisemwi kwamba Hawks alipaswa kutengeneza sinema ya kesi ya ardhi. Mwenye kujenga uwanja wa pembea halaumiwi kwa kutojenga mahakama. Kinacholaumiwa ni kwamba alilichukua neno zito la watu wa mahali, akaliondolea uzito wake ili liwe jepesi kubebwa, kisha likasambaa duniani katika wepesi huo kabla ya uzito wake kupata kuandikwa.

Yamkini mtu atajibu kwamba neno moja si kitu, na kwamba Kiswahili kimeazima maneno ya watu wengi bila kuomba ruhusa. Ni kweli. Lakini kuazima kwa Kiswahili kumekuwa kwa matumizi. Bustani ni neno la Kiajemi, na maana yake ya asili ni mahali pa harufu nzuri. Waswahili walilitwaa wakalima ndani yake. Burudani yatoka katika neno la Kiarabu la ubaridi, na kwa watu wa pwani, wenye jua kali na upepo wa jioni, hakuna maelezo bora ya starehe kuliko kupozwa. Maneno hayo yaliingia katika lugha yakapewa ngeli, yakanyambulika, yakazaa. Neno hatari lililowekwa juu ya sinema halikunyambulika wala halikuzaa. Liliganda kama mdudu aliyewekwa katika chupa.

Hata hivyo si haki kuwatupia wageni lawama yote. Katika kulitaja lenyewe eneo hili, Kiswahili cha wenyewe kimesitasita. Watu wengi husema mbuga za wanyama, na katika magazeti neno hilo limeenea. Mbuga ni uwanda ulio wazi, aghalabu wenye udongo mweusi usimamao maji wakati wa masika, na Serengeti yaweza kuitwa hivyo bila kosa kubwa. Lakini msitu wa Meru, wenye mbega juu ya miti na ndevu za ukungu matawini, si mbuga kwa namna yoyote, na anayeuita hivyo amezoea picha kuliko mahali. Neno rasmi, hifadhi, ni bora zaidi kwa kuwa lasema kazi: kuna kitu kinatunzwa. Lakini nalo lina upungufu uleule ulioonekana katika hatari, maana halisemi kinatunzwa kwa ajili ya nani na dhidi ya nani. Tamko la mwaka 1961 lilijibu kwamba ni kwa ajili ya wajukuu. Kwa mzee aliyehamishwa, jibu hilo lazaa swali jingine: wajukuu wa nani?

Hapo ndipo lugha ya watu wa kawaida inapoonyesha akili kuliko lugha ya ofisi. Kusini ya nchi, Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, liliitwa na wenyeji Shamba la Bibi, kwa masimulizi ya kwamba Kaisari wa Ujerumani alimpa mkewe nchi hiyo kuwa zawadi. Masimulizi hayo si lazima yawe historia. Thamani yake ni kwamba watu walipoona nchi imefungwa, hawakuipa jina la mnyama wala la hofu, bali waliuliza mali hii ni ya nani, na jibu lao wakaliweka katika kiunganishi kimoja kidogo, la. Jina hilo lilisafiri likafika hata Dar es Salaam, ambako Uwanja wa Uhuru, mahali pa mpira na pa sherehe za taifa, nao huitwa Shamba la Bibi. Na katika mazungumzo ya siku hizi shamba la bibi ni mali yoyote ambayo kila apitaye huchuma kwa kuwa mwenyewe hayupo au hajali. Pori na uwanja wa michezo vimekutana katika jina moja, na jina hilo ni hukumu. Katika maneno matatu mna historia, mna siasa na mna kicheko. Hatari! yenye alama yake ya mshangao haina hata kimojawapo.

Mbegu iliyopandwa Momella ilikuja kuota mbali. Aprili 22, 1998, kampuni ya Disney ilifungua katika jimbo la Florida, Marekani, bustani ya burudani iitwayo Animal Kingdom. Ndani yake kimejengwa kijiji cha Kiafrika cha kubuni, chenye kuta zilizochakaa kwa makusudi na sura iliyoigwa kwa mji wa Lamu, na kutoka kijijini hapo magari huwachukua wageni kwenda kuwatazama wanyama walio hai katika matembezi yaliyopewa jina la Kilimanjaro. Kijiji chaitwa Harambe. Herufi moja imeanguka, na mwanalugha aweza kuipuuza kama kosa la chapa; lakini neno lenyewe ni mwito wa watu wanaovuta mzigo kwa pamoja, mwito ambao Kenya iliufanya kauli ya taifa. Huko Florida hakuna mzigo uvutwao, na anayeitwa hajulikani. Ukutani pameandikwa Uhuru 1961, mwaka wa Tanganyika, juu ya kijiji ambacho hakikupata kutawaliwa kwa kuwa hakikupata kuwapo. Vinywaji huuzwa katika vibanda vyenye majina kama Tamu Tamu na Dawa. Mjenzi wa Harambe alifanya kazi kwa bidii kuliko Hawks, maana alisoma, alisafiri, aliiga mpaka nyufa za kuta. Lakini njia ni ileile. Kiswahili kimewekwa ukutani ambako hakiwezi kujibu. Haishangazi basi kwamba kampuni iyo hiyo iliyaandikisha Marekani maneno hakuna matata kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya fulana, uandikishaji uliokubaliwa mwaka 2003 na kuzusha malalamiko makubwa Afrika ya Mashariki mwaka 2018. Neno likiisha kuondolewa mwenyewe, si ajabu likapata mwenyewe mwingine.

Baada ya hayo yote, hapana budi kueleza kwa nini uwanja wa asili, ule wa Momella, ungali wapendwa. Sehemu ya sababu ni sinema yenyewe, na hilo likubaliwe bila kinyongo. Hardy Krüger, aliyefariki mwaka 2022, aliipenda nchi aliyoiona wakati wa kazi akanunua mahali Momella, akakaa huko kwa miaka kadhaa, na mwaka 1970 alitoa kitabu cha Kijerumani juu ya maisha hayo. Wageni wa Kijerumani wangali wanafika kwa ajili yake, na nyumba ya wageni iliyoko huko ilikuja kuitwa Hatari. Muziki wa Mancini wa mwendo wa watoto wa tembo wajulikana na watu wasiopata kusikia jina la Meru. Lakini sinema peke yake isingetosha. Hifadhi hii ni ndogo, haina makundi makubwa ya Serengeti, wala simba si wa kutegemewa kuonekana. Mvuto wake ni mwingine: mtu aweza kwenda kwa miguu. Hushuka garini, akafuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki begani, akapita kando ya twiga na nyati na nguruwe mwitu, akapanda kuelekea kwenye shimo la mlima. Na ukingoni mwa Ngurdoto mgeni husimama akatazama chini bila kuruhusiwa kuteremka, kwa kuwa bonde limeachiwa wanyama.

Katika matembezi hayo neno hatari hurudishiwa nusu yake iliyokatwa. Askari akiinua mkono na kusema kwa sauti ya chini kwamba hapa pana hatari, kila mtu ajua ni ya nani na kwa nani: ni ya nyati aliye kichakani, kwa mwenye kutembea. Neno limekuwa sentensi tena. Lina mleta hatari, lina inayemfikia, na lina msemaji aliyezaliwa katika lugha hiyo, ambaye mgeni, awe John Wayne au awe mwanafunzi wa shule ya Arusha, lazima amtii. Hilo ndilo jambo ambalo sinema haikupata kulionyesha kwa saa zake mbili na nusu, na ndilo ambalo bustani ya Florida haiwezi kuliuza, kwa kuwa haliwezi kuigwa kwa rangi na saruji.

Jambo moja la kuchekesha limetokea siku hizi. Vijana wa Tanzania, wakisifu wimbo, goli au vazi, husema kwamba kitu hicho ni hatari. Neno la onyo limekuwa neno la sifa, na msikilizaji wa haraka aweza kudhani kwamba Hawks ameshinda mwishowe, na kwamba maana yake ya pembea imeingia mitaani. Sivyo. Kijana asemaye hivyo humtaja mwenye sifa: mchezaji fulani ni hatari, wimbo huu ni hatari. Tena anaujua uzito wa neno analolichezea, kwa maana asubuhi hiyohiyo amepita chini ya bati la nguzo ya umeme. Mchezo wake una ladha kwa sababu onyo lingali hai ndani yake. Mtu huweza kucheza na neno alilo nalo lote, hawezi kucheza na nusu.

Kazi iliyobaki ni ya wanalugha. Vitabu viwili vijulikanavyo sana juu ya Wameru na ardhi yao, kile cha Kirilo Japhet na Earle Seaton juu ya kesi yenyewe na kile cha Anton Nelson juu ya Wameru walio huru, vyote vilitoka mwaka 1967, ule ule ambao mlima uliingizwa katika hifadhi, na vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Majina ya mahali kati ya Ngare Nanyuki, Leguruki na Momella ni mchanganyiko wa Kimasai, Kimeru na Kiswahili, na kila jina lina mtu au tukio nyuma yake ambalo ramani ya watalii hailitaji. Walioziona nyumba zikichomwa mwaka 1951 wakiwa watoto sasa wamepita umri wa miaka themanini. Majina hayo na yakusanywe kutoka vinywani mwao, pamoja na masimulizi yake, na kitabu cha Japhet kisomeke kwa Kiswahili katika shule zilizo chini ya mlima huo. Hapo mwanafunzi aendaye Momella kwa miguu, akiisha kuwatazama twiga, ataweza kumuuliza askari wa hifadhi nani aliyelima hapa zamani, na kujibiwa kwa jina.